Amana Iliyomo Mwilini: Kwa Nini Mwili Hukikataa Kiungo cha Mtu Mwingine, na Jitihada za Wataalamu Kukihifadhi

Siku moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumekaa barazani pa chuo tukiwangoja watoto, akatujia mwanamke mmoja wa mtaani petu. Alikaa, akanyamaza kitambo, kisha akatuuliza: "Maalim, ile figo niliyompa ndugu yangu imekufa. Je, na sadaka yangu imekufa?"

Hatukuwa na jawabu la papo kwa papo, na sababu twaisema wazi ili wengine wapate kujifunza. Ndugu yake huyo, kijana fundi wa cherehani, alipata kuwa mwanafunzi wetu. Figo zake mbili zilipoharibika, dada alijitolea moja yake, wakasafiri hadi Bara Hindi, na kijana akarudi akitembea kwa miguu yake. Tulisomewa maulidi nyumbani kwao, nasi tukasimama tukasema mbele ya watu kwamba kijana amekwisha kupona. Ulipofika mwezi wa Ramadhani alifunga siku zote, nasi tukamsifu mbele ya wanafunzi wetu. Hatukumwuliza hata mara moja khabari ya vidonge vyake. Kumbe alikuwa akilala hata daku ikampita, na kidonge cha daku kikapita nayo. Na baada ya Idi akaona kwamba hakudhurika, akaacha na vya asubuhi. Alikuwa akisema, "Figo sasa ni yangu." Haukupita mwaka, akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Sisi si matabibu. Elimu yetu ni ya chuoni na ya skuli ya msingi. Lakini tuliona haya kumjibu mwanamke yule kwa jambo tusilolijua. Basi tukamwendea daktari mmoja ambaye zamani tulimfundisha alifu kwa kijiti, tukamwomba naye atufundishe elimu yake tangu mwanzo. Hayo aliyotufahamisha, pamoja na tuliyoyasoma baadaye kwa msaada wake, ndiyo tunayowaletea wasomaji wetu leo.

MLINZI ASIYELALA

Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili wa mwanaadamu walinzi wasiolala. Wakubwa wao ni chembe nyeupe za damu, ambazo huzunguka usiku na mchana zikivitafuta vijidudu vya maradhi. Je, chembe hizi hujuaje nani mwenyeji na nani mgeni? Karibu kila chembe ya mwili wetu imevaa alama juu ya ngozi yake, kama vile mtu alivyo na hati ya kumtambulisha. Mfaransa Jean Dausset alizifunua alama za kwanza za namna hii mwaka 1958, na kwa ajili hiyo akashiriki katika tunzo ya Nobel mwaka 1980.

Alama hizi nusu yake twazirithi kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana bahati moja katika nne ya kufanana na nduguye kwa alama zote hizo. Bahati mbili katika nne ya kufanana nusu. Na bahati moja katika nne ya kutofanana kabisa. Pacha wa yai moja peke yao ndio waliofanana kwa kila kitu.

Sasa fikirini, figo ya mtu mwingine inapotiwa mwilini. Mlinzi hajui kwamba imeletwa kwa hisani. Hajui kwamba dada amelala juu ya meza ya madaktari kwa ajili yake. Yeye ajua jambo moja tu, nalo ni kwamba huyu si wa humu. Basi huipiga vita.

Vita hivyo ni vya namna tatu. Ya kwanza huja kwa dakika au saa chache, pale damu ya mgonjwa inapokuwa tayari ina silaha za kuzipiga alama za mtoaji. Silaha hizo huweza kuzalika kwa kupewa damu ya watu wengine, au kwa mimba, au kwa kiungo kilichopandikizwa zamani. Mwaka 1969 Paul Terasaki na mwenziwe, huko California, walionyesha kwamba damu ya mgonjwa ikichanganywa na chembe za mtoaji kabla ya kazi kuanza, hatari hii huweza kuonekana mapema. Tangu hapo kipimo hicho kimekuwa ni sharti. Namna ya pili huja baada ya siku, wiki au miezi, na hiyo ndiyo dawa huweza kuizuia. Namna ya tatu huja polepole kwa miaka mingi, kama kutu inavyokula chuma, nayo ndiyo inayowashughulisha wataalamu zaidi hata leo.

PACHA WA BOSTON

Hapo zamani kikwazo cha kwanza kilikuwa ni sindano na uzi. Tabibu wa Kifaransa, Alexis Carrel, alivumbua njia ya kuishona mishipa ya damu, akapewa tunzo ya Nobel mwaka 1912. Lakini yeye na wenziwe waliona jambo la kushangaza: figo ya mnyama ikirudishwa katika mwili wake mwenyewe huishi, na ikitiwa katika mwili wa mnyama mwingine hufa baada ya siku chache, ijapokuwa imeshonwa vizuri. Mwaka 1933, katika mji wa Kherson nchini Ukraine, Yurii Voronoy alimtilia mgonjwa figo ya maiti. Mgonjwa akaishi siku mbili tu.

Aliyelifumbua fumbo hili ni Peter Medawar, Mwingereza aliyezaliwa Brazil, na baba yake asili yake ni Lebanon. Wakati wa vita vikuu vya pili watu wengi waliungua moto, na ngozi za kuwapandikiza zilikuwa haba. Huko Glasgow, Medawar na daktari Thomas Gibson walimtazama mwanamke mmoja aliyeungua, akapandikizwa vipande vya ngozi ya ndugu yake. Vipande vya kwanza vilishika, kisha vikafa. Walipompandikiza vya mara ya pili, vilikufa upesi kuliko vile vya kwanza. Khabari hizo zilichapishwa mwaka 1943, na maana yake ilikuwa kubwa. Kama kufa kwa ngozi kungalikuwa ni udhaifu wa ngozi yenyewe, mara ya pili ingalikuwa sawa na mara ya kwanza. Kufa upesi zaidi kulionyesha kwamba mwili umejifunza na umekumbuka adui yake.

Basi ikiwa mlinzi hupigana na mgeni, itakuwaje akiletewa mtu asiyeweza kumtambua kuwa ni mgeni? Jawabu lilipatikana Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Kijana Richard Herrick, mwenye miaka 23, alikuwa akifa kwa maradhi ya figo, na pacha wake Ronald akakubali kumpa moja yake. Madaktari walianza kwa kupandikiza kipande kidogo cha ngozi ya mmoja juu ya mwenzake; kiliposhika wakajua kuwa ni pacha wa yai moja kwa hakika. Daktari Joseph Murray akaihamisha figo, nayo ikafanya kazi mara moja. Richard akaishi miaka minane zaidi, akaoa, akapata watoto. Ronald, aliyetoa, aliishi mpaka mwaka 2010. Murray akashiriki tunzo ya Nobel mwaka 1990.

Lakini ni wagonjwa wangapi wenye pacha? Hapo ndipo safari ndefu ilipoanza.

KUMTULIZA MLINZI BILA KUMWUA

Kwanza walijaribu kuwapiga wagonjwa mionzi ya eksirei mwili mzima ili kuziua chembe za ulinzi. Mmoja wa Boston, aliyepewa mwaka 1959 figo ya pacha wake asiyefanana naye, alinusurika akaishi miaka mingi. Lakini wengi wa wagonjwa hao walikufa, kwani mlinzi akiuawa, mlango hubaki wazi na kila mwizi huingia.

Ndipo wakageukia dawa. Mwaka huo huo wa 1959, Robert Schwartz na William Dameshek walionyesha kwamba dawa moja ya saratani ya damu huwazuia sungura wasizalishe silaha za kinga. Mwingereza Roy Calne akaijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo, akaona inafaa. Gertrude Elion na George Hitchings wakatengeneza dawa nyingine ya ukoo huo iitwayo azathioprini. Na mwezi wa Aprili mwaka 1962, huko Boston, mgonjwa aliyetiwa figo ya maiti asiye wa ukoo wake aliishi nayo zaidi ya mwaka kwa msaada wa dawa hiyo. Mwaka uliofuata Thomas Starzl, katika mji wa Denver, alionyesha kwamba ikichanganywa na dawa ya prednisoni, hata shambulio lililokwisha kuanza huweza kurudishwa nyuma.

Lakini kila dawa ina bei yake. Tarehe 3 Desemba 1967, katika mji wa Cape Town, Christiaan Barnard aliuhamisha moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, akamtilia Louis Washkansky. Moyo ulifanya kazi, na ulimwengu mzima ukastaajabu. Baada ya siku 18 mgonjwa akafa kwa homa ya mapafu: mlinzi alikuwa amelewa dawa, na vijidudu vikaingia. Wengi walioiga kazi ile wakawapoteza wagonjwa wao, na hospitali nyingi zikaacha kuhamisha mioyo kwa miaka mingi.

DAWA KUTOKA UDONGONI

Msaada mkubwa ulitoka mahali ambapo watu hukanyaga bila ya kutazama. Wafanyakazi wa kiwanda cha dawa cha Sandoz cha mji wa Basel, Uswisi, walikuwa na desturi ya kuchukua udongo kidogo kila waendapo safarini. Katika udongo uliotoka uwanda wa juu wa Hardangervidda, nchini Norway, ilipatikana kuvu, na mwaka 1972 ikaonekana kwamba kitu kinachotoka katika kuvu hiyo hutuliza kinga bila kuzimaliza chembe zote za damu. Kitu hicho ndicho saiklosporini. Roy Calne akaanza kuwapa wagonjwa wake wa Cambridge mwaka 1978. Katika jaribio kubwa la Ulaya lililotolewa mwaka 1983, kwa kila wagonjwa 100 waliopandikizwa figo na kupewa saiklosporini, 72 figo zao zilikuwa bado zafanya kazi baada ya mwaka mmoja; na kwa waliopewa dawa za zamani, 52 tu.

Udongo haukuishia hapo. Katika udongo wa Tsukuba, nchini Japani, mwaka 1984 ilipatikana dawa ya takrolimasi, ambayo leo hutumiwa mno kwa figo na maini. Na katika udongo uliochukuliwa mwaka 1964 kutoka kisiwa cha Rapa Nui, kilicho peke yake katika bahari ya Pasifiki, ilipatikana dawa iliyopewa jina la kisiwa chenyewe, rapamaisini.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba saiklosporini na takrolimasi, zinazoilinda figo ngeni, zikizidi kipimo huidhuru figo hiyo hiyo. Zikipungua, mlinzi huamka. Ndiyo maana mgonjwa hutolewa damu mara kwa mara kupimwa dawa iliyomo. Na takrolimasi huweza kuleta kisukari. Na kinga ikitulizwa miaka mingi, hatari ya maambukizo na ya baadhi ya saratani huzidi. Kwa hiyo mtu aliyepandikizwa kiungo hawi kama mtu aliyetibiwa malaria akamaliza. Yuko juu ya daraja jembamba, na vidonge ndivyo fimbo yake.

Hapo ndipo tulipofahamu kosa letu la siku ile ya maulidi, tuliposema kwamba kijana amekwisha kupona.

MADHARA YA BARAFU NA YA DAMU

Twadhani wasomaji wetu wengi hawajui kwamba kiungo huanza kudhurika hata kabla ya mlinzi kukiona. Kiungo kikikatwa mishipa yake hukosa damu, na pamoja na damu hukosa hewa ya oksijeni. Hutiwa maji maalum na kuwekwa katika barafu, kwani ubaridi hupunguza kazi ya chembe, kama moto uliofunikwa majivu. Hata hivyo muda una mpaka: moyo hauvumilii sana zaidi ya saa nne hivi, na figo huweza kungoja siku moja na kidogo.

Na ajabu ni hii: madhara makubwa huja wakati damu inaporudi. Mfano wake ni mtu aliyekaa na njaa siku nyingi, kisha akapewa karamu kwa mara moja. Chakula chenyewe huweza kumwua. Mwaka 2014 wachunguzi wa Cambridge na wenzao walieleza sababu mojawapo: wakati kiungo kikosapo hewa, kitu kiitwacho saksineti hujilimbikiza katika chembe, damu irudipo, mrundo ule huungua kwa ghafla, ukatoa oksijeni ya namna kali inayozichoma chembe zenyewe. Tena chembe zilizoungua hupiga ukelele, na ukelele huo humwamsha mlinzi. Basi madhara ya mwanzo na kukataliwa kwa baadaye ni kama ndugu wawili. Mmoja humwita mwenzake.

Kwa hiyo wataalamu wamefanya kazi kubwa katika kukihifadhi kiungo njiani. Katika miaka ya 1980, Folkert Belzer na James Southard wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walitengeneza maji ya kuhifadhia yaliyowezesha ini kungoja saa nyingi kuliko zamani. Ziko pia mashine za kupitisha maji ya kuhifadhia katika mishipa ya figo muda wote wa safari. Je, mashine hufaa kuliko barafu? Wachunguzi wa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani walipata njia nzuri ya kulipima jambo hili: maiti ana figo mbili, basi moja wakaitia katika mashine na ya pili katika barafu. Mwaka 2009 walitoa majibu ya watoaji 336. Figo zilizochelewa kuanza kazi zilikuwa karibu 21 katika kila 100 kwa za mashine, na karibu 27 kwa za barafu.

Kwa ini wamekwenda mbele zaidi. Badala ya kulipoza, hulitia katika mashine yenye damu yenye joto la mwili, likawa lafanya kazi yake kama limo tumboni. Jaribio lililotolewa mwaka 2018, ambalo kiongozi wake alikuwa Oxford, lilihusu maini 220 yaliyopandikizwa. Na kipimo cha madhara kilipungua kwa nusu, na maini yaliyotupwa kwa kuonekana hayafai nayo yakapungua kwa nusu. Na mwaka 2021 huko Zurich, ini ambalo hospitali nyingine zililikataa lilihifadhiwa siku tatu katika mashine, likatibiwa humo, kisha likatiwa mwilini mwa mgonjwa.

YANAYOTAFUTWA SASA

Lengo kuu la wataalamu ni moja: mwili umkubali mgeni bila ya dawa za maisha. Matumaini haya yana msingi. Mwaka 1945 Ray Owen aliona kwamba ng'ombe pacha walioshirikiana damu tumboni mwa mama yao, kila mmoja huishi na chembe za mwenziwe bila ugomvi. Mwaka 1953 Medawar na wenziwe wawili, Rupert Billingham na Leslie Brent, waliwatia panya walio tumboni chembe za panya wa kabila jingine. Walipozaliwa na kukua wakaipokea ngozi ya kabila lile. Mlinzi aliyemjua mgeni tangu utoto humhesabu kuwa ni wa nyumbani. Medawar akapewa tunzo ya Nobel mwaka 1960, pamoja na Frank Macfarlane Burnet wa Australia.

Madaktari wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walilifuata wazo hili kwa watu wazima. Waliwapandikiza wagonjwa watano figo pamoja na uboho wa mifupa wa mtoaji yule yule. Khabari waliyoitoa mwaka 2008 ni kwamba wanne katika watano waliweza kuacha dawa zote. Lakini matengenezo yake ni mazito na ya hatari, wala hayajawa ni njia ya kila mgonjwa.

Wengine wamegeukia chembe za kinga ambazo kazi yake ni kuwatuliza walinzi wenzao, kama mzee wa mtaa anayeamua ugomvi. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua mwaka 1995, na mwaka 2025 akapewa tunzo ya Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani. Katika jaribio la hospitali kadhaa za Ulaya na Marekani, lililotolewa mwaka 2020, wagonjwa wa figo walipewa chembe za kutuliza kinga; ilionekana kwamba jambo hilo lawezekana kwa salama, na dawa zikaweza kupunguzwa.

Iko njia nyingine ambayo yatugusa sisi Waislamu. Kwa kuwa viungo vya watu havitoshi, wataalamu wa Marekani wamebadilisha jeni za nguruwe ili viungo vyake visishambuliwe upesi. Mwezi wa Januari mwaka 2022, huko Maryland, mtu mmoja alitiwa moyo wa nguruwe wa namna hiyo, akaishi miezi miwili. Na mwezi wa Machi mwaka 2024, huko Boston, mwingine akatiwa figo, naye akafariki kabla ya miezi miwili kutimia. Kijana Mwislamu atauliza: je, yafaa? Mafakihi wamelizungumza jambo hili kwa mizani ya dharura, na kauli zao si moja. Sisi wa chuoni hatuna haki ya kulikata. Twawaachia wenye elimu yake. Lakini juu ya kiungo cha mwanaadamu mwenziwe, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwezi wa Februari mwaka 1988 lilitoa uamuzi kwamba yajuzu, kwa masharti; na katika masharti hayo ni kwamba mtoaji awe ameridhia, asipate madhara ya kumharibia maisha yake, na kiungo kisiuzwe. Figo ni hiba, si bidhaa.

YALIYO JUU YETU

Zamani mgonjwa wa kwetu hakuwa na njia ila kusafiri. Mwezi wa Novemba mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, ikisaidiwa na madaktari wa Kihindi. Na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Kwa hiyo watu wenye figo za hiba wataendelea kuongezeka mitaani mwetu, nasi yatupasa kujua namna ya kuishi nao.

Kwanza, vidonge huliwa kwa saa zake, kila siku, muda wote ambao kiungo kinafanya kazi. Mtu kujiona mzima ni dalili kwamba dawa yafanya kazi, wala si dalili kwamba haihitajiwi tena. Jamaa wa nyumba moja wasaidiane kukumbushana, kama tunavyoamshana kwa sala ya alfajiri.

Pili, balungi. Tunda hili la mashambani mwetu huzuia mwili usizivunje saiklosporini na takrolimasi, dawa ikazidi katika damu. Mgonjwa asile, wala asinywe maji yake. Na dawa za miti shamba asitumie kabla ya kumwuliza daktari wake. Ziko zinazoipunguza dawa na ziko zinazoizidisha.

Tatu, akipata kifua kikuu, lazima daktari ajue kwamba ana kiungo cha kupandikizwa, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hushusha sana kipimo cha takrolimasi. Na homa yoyote ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nne, saumu. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yake, na ruhusa hiyo si aibu. Asifunge mpaka amwulize daktari wake na mwanachuoni wake pamoja. Nasi walimu na maimamu tuache kuwasifu watu kwa kujidhuru. Aliyeacha kufunga kwa sababu ya udhuru wa haki hakupungukiwa na kitu, na aliyemtahayarisha ndiye aliyekosa. Twalisema hili hali ya kuwa twajua tulivyofanya sisi wenyewe.

JAWABU TULILOMPA

Baada ya kuyafahamu haya tulimwendea yule mwanamke nyumbani kwake. Kijana alikuwako, amerudi kutoka kwenye mashine, amechoka. Tulianza kwa kumwomba radhi yeye, kwamba tulimsifu pasipokuwa na sifa, na hatukumwuliza palipopasa kuuliza. Akainamisha kichwa, akasema, "Maalim, hata mimi sikutaka kuulizwa."

Kisha tukamwambia dada yake: "Mwanangu, figo ni nyama, na nyama hufa. Sadaka ilikwisha kupokewa siku ulipokubali kulala mezani. Ndugu yako aliishi miaka mitatu kwa hiba yako, akashona nguo, akaoa, akakuzika mama yenu kwa mikono yake. Hayo hayakufa."

Akatutazama, akasema, "Maalim, umesema akakuzika."

Tukacheka sote kwa ulimi wetu ulioteleza, hata kijana naye, nasi tukasahihisha: "Akamzika mama yenu." Ilikuwa ni mara ya kwanza, akasema dada, kusikia kicheko katika nyumba ile tangu figo kufa.

Kijana sasa yumo katika orodha ya kuchunguzwa tena, na binamu yake mmoja amejitolea kupimwa. Tena kazi itakuwa ngumu zaidi, kwani, kama tulivyoona, mwili uliokwisha kumkataa mgeni mmoja hukumbuka. Lakini safari hii mke wake ameandika saa za dawa juu ya mlango wa chumba, hata kabla ya dawa zenyewe kupatikana. Nasi tumemwahidi kwamba Ramadhani ijayo, kabla ya kumwuliza kama amefunga, tutamwuliza kama amekwisha kuonana na daktari wake.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipe wema waliotoa, na atujaalie sisi kuitunza kila amana iliyowekwa mikononi mwetu na ndani ya miili yetu. Amin.